Chama Kipewe Kura, Maziko Yabaki ya Jirani

Kila uchaguzi unapokaribia, nasaha inayotolewa kwa wingi kwa mtu anayetaka moyo wake utulie ni kujitenga: zima redio, toka kwenye makundi ya simu, usizungumze siasa kazini wala nyumbani, subiri mambo yapite. Si nasaha mbaya, na kwa siku mbili tatu humpa mtu nafuu. Lakini nafuu hiyo haikai, kwa sababu inatibu mahali pasipouma. Ninavyoona mimi, mtu aliyegawanywa na siasa hasumbuliwi sana na habari anazozisikia. Anasumbuliwa na haki za watu alizoacha kuzitimiza. Kuna jirani amefiwa na yeye hakwenda. Kuna salamu aliyoisikia akapita kimya. Kuna mwaliko wa harusi alioupokea kwa mkono akijua hatakwenda, kwa kuwa mwenye harusi ni wa upande ule. Madeni ya namna hii hayafutwi kwa kuzima redio. Hoja yangu basi ni kwamba katika nyakati za mgawanyiko, utulivu wa moyo hutokana na mwenendo wetu kwa wale tusiokubaliana nao, na hasa katika mambo ambayo chama chochote hakina haki nayo: salamu, ugonjwa na msiba.

Katika nchi za Waswahili, Zanzibar ndiyo iliyolionja jambo hili kwa uchungu mkubwa na kwa muda mrefu. Miaka iliyo kati ya uchaguzi wa Julai 1957 na Mapinduzi ya Januari 1964, ambayo wazee wa huko huiita zama za siasa, ilikuwa ya vyama vya Hizbu, Afro-Shirazi na baadaye ZPPP, na chama kiliingia mpaka jikoni. Watu walisusiana maduka. Walisusiana mabasi. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliokuwa wakilima muhogo chini ya minazi na mikarafuu yao, kwa kushuku kura zao. Mwisho ikafika watu kususiana maziko. Uchaguzi wa Januari 1961 ulizaa kambi mbili zilizotoshana, viti 11 kwa 11. Uliporudiwa Juni mwaka ule, watu 68 waliuawa katika fujo za siku chache. Sisemi kwamba kususiana ndiko kulikoua. Yalikuwapo mambo mazito ya ardhi, ya nasaba na ya kumbukumbu za utumwa, na asiyeyataja hajaieleza historia ile. Ninachosema ni kwamba watu hawakuanza na mapanga. Walianza na duka, wakaja kwenye basi, wakaja kwenye salamu, wakaja kwenye jeneza; na mtu uliyekwisha kumnyima vyote hivyo, kumdhuru hakuhitaji hatua kubwa.

Tazama kususiana kunavyofanya kazi kwa karibu. Mtu anatoka nyumbani kwenda kununua sukari. Duka lipo pembeni tu mwa nyumba yake, lakini mwenye duka ni wa upande ule, basi anapita amegeuza uso na kuzunguka mpaka mtaa wa pili. Barazani wamekaa watu wanne wanakunywa kahawa. Kabla hajafungua kinywa kusalimu, inambidi apime nani ni nani, kwa kuwa akisema asalaam alaikum ya jumla atamjumuisha yule, na akinyamaza atawakosea hawa watatu. Anafika msikitini, anatazama nani amesimama safu ya mbele ndipo achague pa kusimama. Mtoto wake anarudi chuoni akisema amekula andazi kwa fulani, na badala ya kufurahi, baba anakunja uso. Huyu mtu hajasikiliza redio hata mara moja tangu asubuhi. Hata hivyo hana amani, maana ameugeuza mtaa wake kuwa hesabu isiyokwisha. Anayesusiwa hupoteza mteja mmoja; anayesusa hupoteza mtaa mzima.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mambo yakashika njia ile ile kana kwamba yalikuwa yameachwa pale jana. Maskani, yaani vijiwe vya watu kukutania, zikagawanyika, Kisonge ya Michenzani ikijulikana kwa CCM na Jaws Corner ya Mji Mkongwe kwa wapinzani. Uchaguzi wa 1995 ulitangazwa kwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Seif Sharif Hamad, yaani Maalim Seif, wa CUF, na pengo hilo dogo likatosha kufunga milango ya nyumba nyingi, Pemba hasa. Januari 2001 wakauawa makumi ya watu katika maandamano, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, na katika kura ya maoni ya 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaridhia serikali ya pamoja. Maridhiano yale yalivurugika pale uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016, huku CUF ikiususia, na Pemba zikarejea habari za watu kunyimana huduma na kutozikana. Mwishoni mwa 2020 Maalim Seif, akiwa sasa ACT-Wazalendo, alikubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali ya Hussein Mwinyi, baada ya uchaguzi ambao chama chake kilikuwa kimeukataa.

Siyataji haya kuwabeza viongozi. Kukutana kwao kulikuwa jambo jema, na kuna watu walio hai leo kwa sababu ya mkutano ule wa 2009. Bali nataka msomaji aone tofauti iliyopo kati yao na yeye. Waliokutana Ikulu walikuwa na njia ya kurudi: walikuwa na wapatanishi, walikuwa na walinzi, walikuwa na Baraza la Wawakilishi la kubadilisha Katiba. Wewe uliyeacha kumzika mama wa jirani yako huna chombo cha namna hiyo. Hakuna kura ya maoni inayorejesha maziko. Kiongozi akigombana na mwenzake leo na kupatana naye baada ya miaka kumi, wote wawili hupigiwa makofi. Lakini watu wa mtaa waliogombana kwa ajili yao hukuta miaka kumi imepita, wazee wao wamezikwa na watu wachache, na watoto wao hawajuani. Wakenya waliliona hili tarehe 9 Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopeana mikono baada ya miezi ya damu na matusi, na wafuasi wa pande zote mbili wakabaki na ugomvi usio na mwenyewe.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi visiwani, mambo haya hayakuachiwa hiari ya mtu. Kuitikia salamu, kumzuru mgonjwa, kufuata jeneza na kuitikia mwaliko vimetajwa katika Hadithi kuwa ni haki za Muislamu kwa mwenzake, na haikusemwa kuwa haki hizo husitishwa wakati wa kampeni. Kumhama ndugu zaidi ya siku tatu kumekatazwa. Na imepokewa kuwa Mtume aliposimama kwa ajili ya jeneza la Myahudi akaambiwa ni nani yule, jibu lake lilikuwa la kuwakumbusha kwamba ile nayo ni nafsi. Sioni vipi mtu anaweza kuisikia habari hiyo akabaki anatafuta hukumu ya kumruhusu asimzike mwenye kadi ya rangi nyingine.

Hapa wapo watakaonijibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Watasema: kususia ni silaha ya mnyonge. Mwenye dola ana polisi, ana mahakama, ana tume. Sisi tuna nini isipokuwa migongo yetu ya kumgeuzia? Nakubali kuwa kususa ni njia halali ya kukataa dhulma, na historia ya mapambano ya wanyonge duniani imejaa mifano yake. Susia mkutano wa kiongozi. Susia sherehe yake, susia bidhaa ya kampuni yake, susia hata uchaguzi ukiona hauna maana. Lakini silaha hupimwa kwa anayepigwa nayo. Ukimsusia sheha, kiongozi wa mtaa, aliyekunyima kitambulisho cha kupigia kura, umemgusa mwenye madaraka. Ukimsusia mamake sheha siku anapotolewa ndani kwa jeneza, umemgusa nani? Maiti hawezi kukurudishia kura yako. Wajukuu wanaolia hawakuketi kwenye tume yoyote. Dhulma imebaki pale pale ilipokuwa, na wewe umeongeza mwengine wa kukudai.

Wengine watasema jambo zito zaidi: kuwahubiria watu utulivu wa moyo ni kuwaambia waliodhulumiwa wanyamaze. Aliyepoteza mwanawe 2001 atatuliaje? Jibu langu ni kwamba sina nasaha ya kumfundisha mfiwa namna ya kufiwa, na simtaki asamehe kwa amri ya mtu yeyote. Adai. Aandike majina, aende mahakamani, asimame hadharani aseme waliofanya ni fulani na fulani. Dai lenye jina na tarehe haliharibu moyo. Naamini huusaidia kusimama. Kinachouharibu ni dai lililokosa anuani, likamwagwa kwa kila aliyevaa kofia ya rangi ile: muuza samaki, mwalimu wa watoto, shangazi aliyepewa kanga ya kampeni akaivaa. Hao hawakufyatua risasi. Mdai haki anajua anamdai nani, ndiyo maana anaweza kumwitikia salamu muuza samaki bila ya kuona ameisaliti damu ya mwanawe.

Na mzigo mkubwa zaidi naona uko kwa aliyeshinda. Mara nyingi nasaha zetu humwendea aliyeshindwa: avumilie, akubali, atazame mbele. Aliyeshinda huachiwa barabara nzima. Matarumbeta yanapigwa chini ya dirisha la mtu ambaye hajalala siku mbili. Bendera inatundikwa mbele ya mlango wake. Nyimbo za kijembe zinarudiwa kwa spika mpaka usiku wa manane, na watoto wanafundishwa kuziimba wakipita mbele ya nyumba fulani. Kisha mshindi huyo huyo anashangaa kwamba jirani hamsalimii. Furahi kwenu, kwa mlango wenu. Kuifurahia kura ni haki yako. Ila ukitaka mtaa upone, wewe uliyeshinda ndiye wa kutangulia kugonga mlango, kwa sababu hodi ya mshindi haidhaniwi kuwa ya kujipendekeza. Aliyeshindwa akija kwanza, wenzake watasema amenunuliwa.

Ndani ya nyumba ni vigumu zaidi. Baada ya uchaguzi wa 2015, watetezi wa haki za wanawake Zanzibar walieleza habari za wake waliopewa talaka kwa sababu ya kura zao. Mume anayemwacha mke kwa kura ameiruhusu tume ya uchaguzi iingie chumbani kwake, na sijui atapata wapi tena mahali pa kupumzika. Kura ni ya siri kisheria. Heshima ya nyumba ni kutoihoji siri hiyo. Mzee wa nyumba yenye watoto wa vyama viwili asijaribu kuwapatanisha kwa hoja, kwani hawatapatana. Ahakikishe tu kuwa hakuna sinia linalotengwa na kwamba anayeumwa anauguzwa na wote.

Linabaki swali la mwisho ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: nikienda na nikakataliwa? Hutokea. Ukipokewa kwa uso mkavu, keti pale pale mkekani, itikia dua, subiri jeneza litoke, lisindikize mpaka makaburini, kisha rudi kwako na usilisimulie barazani. Ukizuiwa mlangoni kabisa, usibishane na wafiwa. Tafuta mtu wa tatu anayekubalika pande zote mbili apeleke ubani wako, ataje jina lako bila ya maelezo. Na likitokea jengine katika nyumba ile, harusi au ugonjwa, nenda tena wewe mwenyewe.