Gesi Itokayo Takani: Suala la Amana na Israfu

Samadi, majitaka na mabaki ya chakula yakioza mahali pasipoingia hewa, vijidudu huyavunjavunja na kutoa biogesi. Methani ndani yake huwa kati ya asilimia 50 na 70. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni hewa ukaa, pamoja na mvuke wa maji na gesi ya salfa inayonuka kama mayai viza na kula chuma. Ikiwa ghafi, biogesi hufaa jikoni na kwenye jenereta. Ili ishike nafasi ya gesi asilia, husafishwa kwa maji yenye shinikizo, kwa kemikali au kwa tando zinazochuja hewa ukaa, mpaka methani ipite asilimia 95. Hapo huitwa biomethani, nayo hupita katika mabomba yale yale na kuwaka katika majiko yale yale.

Manufaa yake yanazua suala la maadili. Kaboni ya gesi asilia ilifukiwa chini ya miamba kwa mamilioni ya miaka, na kuichoma ni kuongeza angani kisichokuwamo. Kaboni ya biomethani ilinyonywa na mimea hivi karibuni, na inarudi ilikotoka. Tena, methani inayovuja kutoka kwenye lundo la taka hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, ikipimwa kwa miaka 100. Kwa hiyo kuiacha taka ioze ovyo nako ni tendo, na mtendaji ana dhima.

Dini zinaijua dhima hiyo. Uislamu humwita mwanadamu khalifa katika ardhi na kumkataza israfu. Injili ya Yohana inasimulia kwamba watu elfu tano walipokwisha kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, vikajaza vikapu 12. Mwaka 2015, Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si', aliukosoa utamaduni wa kutupatupa. Mafundisho yote haya yanakutana katika jambo moja: riziki ni amana, na masalio yake ni sehemu ya amana hiyo.

Je, kilichotoka katika uchafu chaweza kuwa safi? Mafakihi wa Kiislamu walilijadili swali hili zamani chini ya jina la istihala, yaani najisi kugeuka kuwa kitu kingine. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi na Maliki hukubali kwamba mageuko kamili huondoa unajisi. Washafii, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, huweka mipaka mifinyu zaidi, kama vile mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Mjadala huo ni wa twahara. Katika maadili swali hugeuka: uchafu hupimwa kwa madhara yanayobaki.

Kipimo hicho kinaonekana Ulaya. Mjini Linköping, Uswidi, mabasi ya abiria huendeshwa kwa biogesi iliyosafishwa. Nchini Denmark, mwaka 2023, zaidi ya theluthi moja ya gesi ya mabombani ilikuwa biomethani, nyingi ikitokana na samadi ya mifugo. Ujerumani, kwa upande wake, ilipanda mahindi mengi kwa ajili ya mitambo ya biogesi, hata sheria ya mwaka 2012 ikalazimika kuweka kikomo cha mahindi na nafaka katika mitambo mipya. Shamba la chakula likigeuzwa shamba la gesi, kinachookolewa si masalio tena, na mwenye njaa ndiye anayelipa.

Masharti ya haki basi ni matatu. Malighafi iwe taka ya kweli. Mitambo na mabomba visivuje, maana methani inayotoroka hufuta faida. Na matumizi yapunguzwe, kwa kuwa taka pekee haiwezi kukidhi gesi yote inayochomwa leo. Yakitimia hayo, kuisafisha biogesi ni kuitunza amana. Yakikosekana, ni israfu iliyobadilishwa jina.