Je, Pomboo Ametuahidi Nini?

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu nikwambie kwanza kazi yangu. Mimi ni papasi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na tangu hapo chakula changu kinatoka kwenye lango la bandari ya Malindi, Unguja, pale boti za Dar es Salaam zinapoteremsha watu. Usiku naandika riwaya ambayo haijafika popote. Mchana nauza safari za baharini. Hilo jina la papasi tumepewa na wenyeji wenyewe, kwa yule mdudu anayenyonya damu. Sikulichagua, lakini siwezi kulikana, kwani mgeni akishateremka tu sisi tunamganda.

Nataka tujiulize maswali mawili. La kwanza: mtu akikuomba umsaidie kuchagua, na chaguo moja linakulipa na jingine halikulipi, utamwambia nini? La pili ni zito zaidi: yule mnyama ambaye mimi namuuza na mgeni anamnunua, yeye kaulizwa?

Maswali haya sikuyatoa kitabuni. Yalinijia kaskazi moja, kutoka kwa mwalimu wa skuli ya msingi aliyekuja na mama yake mzazi kutoka Morogoro. Nilianza na mama mtu, maana huyo ndiye mlango.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni Unguja. Nipokee begi?"

Mwalimu akacheka. "Mdogo wangu, begi tutabeba wenyewe. Wewe tuambie ukweli. Mama anataka kuwaona wanyama wa baharini kabla hajafa, ndivyo anavyosema mwenyewe. Mimi nataka alale kisiwani walau usiku mmoja, asikie bahari."

"Kwani hapa siyo kisiwani?" bibi akauliza.

"Kisiwa kidogo, mama. Kisicho na magari." Halafu akanigeukia. "Hela yetu ni hii hii, nimeikusanya mwaka mzima. Tuchague nini?"

Ukisimama pale bandarini, safari zinazouzwa ni nyingi kwa majina, lakini za wanyama ukizichuja zinabaki tatu. Ya kwanza ni Kizimkazi, kusini ya Unguja: unaondoka alfajiri kwa gari, unapanda boti, unawatafuta pomboo. Ya pili ni Changuu, kisiwa kile unachokiona kwa macho ukiwa Forodhani, chenye kobe wakubwa waliotokana na wale walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Ya tatu ni Chumbe, kisiwa kidogo upande wa kusini wa mji, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na matumbawe ambayo tangu 1994 ni hifadhi isiyovuliwa samaki. Pale ndipo mtu anapoweza kulala. Vibanda vya wageni ni saba tu, maji yao ni ya mvua, taa zao ni za jua, na bei yake, bwana we, si ya mchezo.

Hela ya mwalimu ilitosha jambo moja kati ya mawili: ama usiku mmoja wa Chumbe na basi, ama pomboo na kobe pamoja na kulala gesti ya mjini.

Chumbe naijua. Nilipokuwa skuli tulipelekwa huko siku moja, maana wana mpango wa kuwachukua wanafunzi wa Unguja na kuwasomesha mambo ya matumbawe. Aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja aliyekuwa mvuvi kabla ya kuwa mlinzi wa hifadhi. Alitusimulia habari za kaa mkubwa wa kisiwa kile, anayepanda miti na mwenye gando la kuvunjia nazi. Sisi tukadai tumwone. Mzee akacheka. "Huyo hutoka usiku," akasema, "na huo usiku wenyewe mpaka atake." Tukarudi mjini bila ya kumwona. Ajabu ni kwamba katika yote ya siku ile, kaa nisiyemwona ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Haya yote niliyajua wakati mwalimu ananiuliza. Lakini Chumbe haina cha juu kwangu. Kizimkazi na Changuu zina cha juu mara mbili. Basi nikasema maneno ambayo kila papasi anayajua kwa moyo: "Chumbe ni ghali, mwalimu, na mnaweza kulala msione kitu. Kizimkazi pomboo ni uhakika. Mia kwa mia."

Ukiondoa hiyo mia kwa mia, sikusema uongo. Chumbe ni ghali. Kaa anaweza asitoke. Pomboo wa Kizimkazi siku nyingi huonekana. Nilichukua kweli tatu, nikazipanga mstari, zikazaa uongo mmoja. Nawaambia hili wenzangu mnaotaka kuandika, kwa sababu kalamu nayo inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa ufundi zaidi.

Nilikwenda nao. Tulipofika baharini boti nyingine zilikuwa zimeshatangulia. Nilihesabu tisa, nikaacha. Pomboo wakaibuka wachache, migongo ya kijivu, mmoja mdogo ubavuni kwa mama yake. Injini zote zikanguruma kwa pamoja. Boti zikawazunguka kwa mbele, wageni wakaruka majini. Pomboo wakazama. Walipoibuka upande wa pili, boti zote zikageuka upande huo huo. Nahodha wetu alikuwa fundi hasa. Alijua watakapoibukia kabla hawajaibuka.

"Mwanangu," bibi akamwita, "hawa wanacheza au wanatukimbia?"

"Wanacheza, bibi."

Bibi akanyamaza. Pomboo wakazama tena, wakatokea mbali zaidi, na sisi mbio nyuma yao.

"Mimi nimelea watoto saba," bibi akasema. "Mtoto anayecheza namjua. Anayekimbia pia namjua. Zima hiyo mashine."

"Bibi, tukizima wenzetu watawaona, sisi tutawakosa."

"Basi tuwakose."

Nahodha akanitazama mimi, mimi nikamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama mama yake. Injini ikazimwa. Tukabaki tunayumba pale peke yetu, harufu ya petroli ikapeperuka, tukaanza kusikia maji yanavyogonga ubao. Bibi akatia mkono baharini akauacha humo. Tulikaa hivyo karibu nusu saa. Pomboo hawakurudi.

Njiani kurudi mjini, kwenye gari, sikuwa na neno la kusema. Neno lililokuwa likinizunguka kichwani lilikuwa langu mwenyewe: uhakika. Uhakika wa mnyama wa mwituni maana yake nini? Muuza samaki akikuahidi changu kesho, ana nyavu, ana dau, ahadi ni yake. Lakini pomboo hajamwahidi mtu kitu. Mimi ndiye niliyeahidi kwa niaba yake, nikapokea na pesa, na ili ahadi yangu isianguke ikabidi mtu akamfukuze mpaka aonekane. Deni ni langu, mlipaji ni yeye. Na si hisia za bibi tu. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi wameonyesha kwamba boti za wageni zinapowasogelea, hupunguza kupumzika na kutafuta chakula. Yaani picha tunazorudi nazo tumezitoa katika usingizi wao na katika matonge yao.

Hapa najua wenzangu wa bandarini wataniambia: "We mtoto, acha maneno ya kizungu. Watu wale nini?" Hoja hiyo siidharau. Tena nitaiongezea nguvu. Zamani Kizimkazi pomboo waliwindwa, nyama yao ikawa chambo cha kuvulia papa. Safari za wageni zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufika 1996 uwindaji ulikuwa umekoma. Pomboo hai akawa na faida kuliko pomboo chambo. Kwa hiyo boti ile ile inayomnyima usingizi ina mkono wake katika kumwokoa na chusa. Hilo ni la kweli, na mtu anayelificha ili aonekane mwema kuliko nahodha, huyo naye ni papasi wa aina yake.

Lakini je, kumwokoa mtu na kifo kunakupa haki ya kumsumbua maisha yake yote? Jirani aliyekutoa mtoni ukizama, je, anaweza kuingia chumbani kwako kila asubuhi kukutazama, eti kwa sababu bila yeye usingekuwapo? La hasha! Utamshukuru, na mlango utafunga.

Kesho yake tulikwenda Changuu, kwani ilikwishalipiwa. Kisiwa kile kina jengo lililojengwa 1893 liwe gereza, lakini wafungwa halikuwaona. Likaja kutumika kwa karantini. Bibi alikaa kivulini karibu na kobe mmoja mzee kuliko yeye, akauona uzio, akauliza, "Huyu naye kafungwa kwa kosa gani?"

Nikamweleza. Kobe wale walizaana wakafika karibu 200 katika miaka ya 1950, kisha wezi wakaanza kuwabeba kwenda kuwauza nje, na mwaka 1996 wakawa wamebaki saba. Saba, msomaji! Uzio ule ni wa kumzuia mwizi. Bibi akafikiri, akasema, "Kumbe kuna kufungiwa na kuna kufungwa." Kisha akamsogezea kobe jani la mchicha, akaliweka chini, mbali kidogo na mdomo wake, akasubiri. Kobe alichukua muda wake. Akaja.

Mimi sikusoma falsafa, lakini pale chini ya mti nilipata kipimo ninachokitumia mpaka leo. Usiulize kwanza kama mnyama yuko huru au yuko ndani ya uzio. Uliza: je, anaweza kukataa? Kobe wa Changuu ana uzio, lakini jani analikubali au analiacha. Pomboo wa Kizimkazi ana bahari nzima, lakini asubuhi ile kukataa kwake hakukusikilizwa na boti hata moja isipokuwa yetu, na hiyo nayo ni kwa amri ya bibi. Kaa wa Chumbe ana usiku wake, na aliyelipa pesa nyingi zaidi kuliko wote anaweza kulala na kuamka asimwone. Watu huona hiyo ni kasoro ya safari. Mimi naona ndiyo thamani yake.

Sasa linakuja swali gumu kuliko yote, na sitalikwepa. Kama safari yenye adabu ndiyo yenye bei kubwa, je, wema ni mali ya matajiri? Wenye pesa walale na dhamiri safi kwenye vibanda saba, sisi wengine tubebe dhambi ya boti za bei nafuu? Ingekuwa hivyo, maadili yangekuwa bidhaa ya dukani kama sabuni.

Jibu langu ni yule bibi. Alipanda boti ya bei nafuu, boti ile ile niliyoichagua kwa tamaa yangu, na ndani yake akafanya jambo la haki. Sisi tunadhani kuchagua kunaishia bandarini: ukishalipa umeshachagua, yanayobaki ni ya nahodha. Sivyo. Kila dakika injini inapowaka unachagua upya. Mwenye kulipa ana haki ya kusema twende, na haki hiyo hiyo inamtosha kusema basi. Hata nahodha anachagua, na nimeona akiambiwa hivyo na abiria huwa hakasiriki. Wengi wanakimbiza kwa kuogopa mgeni atalalamika hakuona kitu. Mgeni naye analalamika kwa sababu papasi alimwahidi. Ukiufuata mnyororo huu pete kwa pete unafika langoni Malindi, unanikuta mimi nimesimama.

Jioni ya mwisho niliwasindikiza kwenye boti ya Dar. Mwalimu alinishukuru, akasema ila usiku wa kisiwani ndio hawakuupata, labda siku nyingine, mama akijaaliwa uhai. Cha juu kilikuwa mfukoni mwangu. Katika riwaya ningeandika kwamba nilikitoa nikamrudishia. Sikukitoa. Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Bibi akanipa mkono, mkono ule ule uliokaa majini nusu saa, akaniambia, "Kaa salama, mjukuu wangu. Kazi yako nzuri, ila maneno yako yana haraka."

Siku hizi mgeni akiniuliza kama pomboo wataonekana, namwambia sijui. Namwambia pia amwombe nahodha asiwakatize njia, akae mbali, na azime injini wakianza kuondoka. Na mwenye uwezo wa usiku mmoja Chumbe namwambia nenda, ingawa simo. Wateja wengine wananiacha hapo hapo, wanakwenda kwa mwenzangu anayesema mia kwa mia, na kodi ya chumba bado inanisubiri mwisho wa mwezi. Sijapata jawabu la hilo, wala sitaki kujifanya ninalo.

Lakini wewe unayesoma, siku ukisimama bandarini na hela yako uliyoikusanya mwaka mzima, usiniulize kwanza mtaona nini. Niulize: asipotaka, tutafanyaje?