Mwanga Usiobaki Ukutani: Projekta ya Nyumbani na Suala la Taswira

Familia ya Garissa inayokusudia kutenga chumba kimoja cha kutazamia filamu na mpira, na ambayo kwa ajili hiyo inatafuta projekta, yaani chombo kinachotupa picha kwa mwanga juu ya ukuta au kitambaa cheupe, hukabiliwa na suala ambalo muuza vyombo vya umeme hana sababu ya kulitaja. Wakazi wengi wa mji huo ulio kando ya Mto Tana, na wa Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla, ni Wasomali Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii katika fikihi, ambayo ni elimu ya hukumu za sheria, na ambao masheikh wao wa jadi walisomesha itikadi ya Kiashari katika elimu ya kalam, ambayo hujadili misingi ya imani kwa hoja. Katika nyumba ya namna hiyo chumba cha mapumziko ndicho pia kinachotandikwa misala, na kwa hiyo, kabla ya bei, ni haki kuuliza kama kiumbe mwenye roho anayeonekana ukutani kwa nguvu ya mwanga ni taswira iliyokatazwa, na ikiwa si hiyo, ni kitu gani.

Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kwamba malaika hawaingii nyumba yenye taswira na kwamba wanaozitengeneza wataadhibiwa vikali Siku ya Kiyama. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alishika msimamo mkali katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim: kumtengeneza kiumbe mwenye roho ni haramu, awe na kivuli kama sanamu ya kuchonga, au asiwe nacho kama mchoro wa kitambaani. Kamera ilipoenea, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliandika risala akihoji kwamba mpiga picha haumbi chochote, bali huzuia kivuli cha kitu ambacho Mungu amekwisha kukiumba, na kwa hiyo ile sababu ya katazo, yaani kujifananisha na Muumba, haipo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliitegemea hoja hiyo katika kitabu chake cha halali na haramu cha mwaka 1960, ilhali wanachuoni wengi wa Saudia waliikataa. Na hata miongoni mwa hao wa Saudia, Sheikh Muhammad ibn al-Uthaymin aliiweka picha ya video mbali na katazo kwa sababu jicho linaloukagua mkanda wenyewe halioni sura yoyote ndani yake. Hoja hii ya mwisho ina uzito kuliko inavyodhaniwa, na utendaji wa projekta unaipeleka mbali zaidi kuliko alikokusudia mwenyewe.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona kila taa ikituma alama yake ukutani, na kwamba taa moja ikifunikwa ni alama yake peke yake inayotoweka, hizo nyingine zikibaki bila kuchanganyika. Projekta ya leo ni mjukuu wa chumba kile. Katika aina moja inayouzwa sana, kiini chake ni chipu iliyobuniwa na Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987, yenye vioo vidogo mno vinavyohesabiwa kwa malaki, ambavyo kila kimoja hugeuka maelfu ya mara kwa sekunde huku mwanga mwekundu, wa kijani na wa samawati ukipokezana juu yake. Projekta nyingi za aina hiyo zina chipu moja tu, na katika hizo hakuna kitambo ambacho picha yenye rangi zake zote ipo ukutani. Jicho la mtazamaji ndilo linalozikusanya rangi na kuzifanya sura. Aina nyingine, yenye vibao vitatu vya fuwele kimiminika, hutuma rangi zote tatu pamoja, lakini nayo haiachi kitu mwanga unapokatwa. Jambo jingine, ambalo mnunuzi mgeni huchelewa kulitambua, ni kwamba hakuna projekta inayoweza kutupa weusi. Buibui jeusi katika filamu ni mahali paliponyimwa mwanga, na haliwezi kuwa jeusi kuliko ukuta wenyewe ulivyo chumbani humo.

Hapa ndipo elimu ya kalam inaposaidia. Wanakalam wa Kiashari, akiwemo al-Baqillani aliyefariki mwaka 1013, walifundisha kwamba viumbe vimeundwa kwa johari, yaani chembe zisizogawanyika, na aradhi, yaani sifa zinazozikalia chembe hizo kama vile rangi na mwendo, na kwamba aradhi haidumu nyakati mbili: weupe wa ukuta uliokuwepo kitambo hiki umekwisha, na weupe wa kitambo kinachofuata Mungu ameuumba upya. Mwanafunzi wa itikadi hiyo hawezi kustaajabu kwamba ngamia wa ukutani hufutika na kurudi makumi ya mara kwa sekunde, kwa kuwa amefundishwa kwamba rangi ya ukuta wenyewe ndivyo ilivyo. Mfano huu una mpaka, maana ngamia wa malishoni huumbwa bila kumhitaji mtazamaji, ilhali yule wa projekta hakamiliki bila jicho. Lakini mpaka huo ndio unaofundisha. Katazo la taswira lilikihusu kitu kinachotengenezwa, kikawekwa, na pengine kikatukuzwa. Pasipobaki kitu, lawama ya kutengeneza hupungua nguvu, na mzigo humhamia mwenye kuwasha na mwenye kutazama, ambaye Sura ya Nur, katika aya ya 30 na ya 31, inamwamuru, mwanamume na mwanamke, ainamishe macho. Anayedhani kwamba kwa hoja hii hukumu imekuwa nyepesi amekosea sana.

Hadithi ya pazia la Bibi Aisha inalieleza jambo hili vizuri zaidi, kwani humo Mtume alitaka pazia liondolewe kwa sababu sura zake zilikuwa zikimjia katika sala. Projekta iliyozimwa huuacha ukuta mtupu, na hiyo ni fadhila yake kubwa; hata hivyo ni busara ukuta huo usiwe wa kaskazini. Garissa na Makka zinakaribia kuwa kwenye longitudo moja, ya nyuzi 39 na sehemu kadhaa mashariki, kwa hiyo kibla cha mji huo ni kaskazini karibu moja kwa moja, na mwenye kusali hapaswi kuelekea pale ambapo saa moja kabla kulikuwa na mechi.

Suala la kiasi cha mwanga, unaopimwa kwa lumeni, nalo ni la kimaadili kuliko linavyochukuliwa. Lumeni 1,500 hutosha katika chumba kilichotiwa giza kabisa, na wapenzi wa sinema husifu giza hilo kwa sababu linaupa weusi kina. Lakini giza humtenga kila mtazamaji na mwenzake: mzee haoni uso wa mjukuu, na mjukuu haoni kama mzee ameinamisha macho au la. Haya, ambayo ni ile staha inayomzuia mtu asifanye mbele ya wengine jambo la aibu, huhitaji watu waonane. Kwa hiyo familia inayojali jambo hili ingefaa kuchagua projekta ya lumeni 3,000 au zaidi, ili taa moja ya pembeni ibaki inawaka, hata kama gharama yake ni weusi uliofifia.

Kuhusu mazingira maneno machache yanatosha. Joto la mchana la Garissa hupita nyuzi 35 za selisiasi mara nyingi, na projekta nyingi zimeidhinishwa kufanya kazi hadi nyuzi 35 au 40. Vumbi huingia kwenye vichujio. Na umeme ukikatika ghafla, feni husimama balbu ya zebaki ikiwa bado na moto mkali, na umri wake hupungua. Projekta ya leza, inayokadiriwa kudumu saa 20,000, ni ghali zaidi siku ya kununuliwa, lakini ndiyo iliyo mbali zaidi na israfu, yaani kufuja mali, kuliko ile ya balbu inayodai balbu mpya kila baada ya saa elfu chache.

Limebaki suala la jirani. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Garissa, shirika la FilmAid lilianza mwaka 2006 kuwaonyesha watu filamu usiku kwenye skrini kubwa mahali pa wazi, na maelfu wakajifunza kutazama pamoja kile ambacho chumba cha nyumbani kinakifungia watu watano. Nyumba za Garissa huhifadhi joto hadi usiku, na watu hukaa uani. Projekta, tofauti na televisheni iliyokwishafungwa ukutani, hubebwa kwa mkono mmoja. Basi inayofaa ni ile yenye mwanga wa kutosha na uzito mdogo, inayoweza kutolewa nje baada ya Isha na kutupa picha juu ya ukuta wa ua, ili jamaa na majirani waliosikia mpira ukitangazwa waingie waketi.