Je, Ni Haki Kumuumiza Mbwa Ili Mtu Apone?



Mama mmoja wa koro yetu alishikwa na kichwa kwa ghafula, kama mtu aliyepigwa nyundo. Katika hospitali walituambia: mshipa umepasuka, damu imezunguka bongo. Siku ya tatu alizungumza nasi, akacheka, tukamshukuru Mungu. Siku ya saba mkono wake wa kuume ulilegea, na maneno yakamkimbia. Wengine wakanong'ona: nani amemroga?

Munganga akatufundisha kwamba hakuna aliyemroga. Damu iliyomwagika inapoharibika, inatoa vitu vinavyosumbua mishipa mingine. Mishipa inajikaza, inakuwa myembamba, na sehemu ya bongo inakosa damu. Hatari hiyo huanza mara nyingi siku ya tatu au ya nne, hupanda karibu siku ya saba, na hupungua nyuma ya majuma mawili.

Nikamuuliza: mumejuaje hayo? Akajibu: kwa wagonjwa, na kwa nyama pia. Katika laboratwari walitoa damu ya mbwa, wakaiingiza nyuma ya kichwa chake, katika maji yanayozunguka bongo. Nyuma ya siku mbili wakarudia. Karibu siku ya saba walipima mishipa, kisha mbwa akauawa. Katika maji yale na katika damu wanatafuta alama za ugonjwa. Moja ni endotelini, inayokaza mshipa kwa nguvu. Wenye elimu wa Japani waliigundua mwaka 1988 katika chembe za mishipa ya nguruwe.

Usiku ule nilimtazama mbwa anayelinda nyumba yangu. Yule wa laboratwari alikuwa mzima kama huyu.

Wengine wanasema: Mungu alimpa mtu utawala juu ya nyama, basi tusiulize. Lakini kutawala si kuonea. Mithali 12 inafundisha kwamba mwenye haki anajali uhai wa mfugo wake. Wengine wanasema: ni zambi kabisa. Hao waje kwanza wasimame karibu na kitanda cha mama yule.

Mimi ninasema: inaruhusiwa, lakini ni deni. Anayekopa uhai wa mwingine lazima alipe kwa ukweli. Dawa nimodipini, iliyochunguzwa katika nyama na katika watu, ilipimwa Uingereza kwa wagonjwa 554, na matokeo yakatolewa mwaka 1989. Kati ya watu 100 wasioipata, 33 walikufa sehemu ya bongo. Kati ya 100 walioipata, 22. Hayo ni malipo. Lakini dawa nyingine, klazosentani, inayozuia endotelini, ilifungua mishipa ya nyama, na hata ya watu. Walakini katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2011 wagonjwa hawakupata hali bora. Japani waliikubali mwaka 2022 kwa majaribio yao wenyewe. Basi mbwa anajibu swali moja, hajibu yote. Anayeficha jaribio lililoshindwa anafanya mbwa mwingine ateswe bure.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika mashauri matatu: pasipo lazima, tumia njia nyingine, punguza hesabu ya nyama, punguza maumivu yao. Shauri hilo halihusu wanganga peke yao. Wapendwa, sisi tunafunga mbuzi kwenye kinga, kichwa chini, kilometa nyingi, kisha tunamchinja kwa kisu butu siku ya sikukuu. Tutamhukumuje mtu wa laboratwari? Yeye angalau anaweza kusema ni kwa nini.

Mama yetu anaimba tena, akiwa amekaa. Tukimsikia, tumshukuru Mungu, tuwashukuru wanganga, na tusisahau wale waliolipa bila kuulizwa. Na ukirudi nyumbani leo, noa kisu chako.

Amani iwe nanyi.

Shemasi wenu