Kinanda Kikinyamaza

Neno la wiki: 1 Wafalme 19:11-13



Baada ya mazoezi ya kwaya juzi, kijana anayetupigia kinanda alinionyesha video kwenye simu. Ni kanisa kubwa, giza, viti vimejaa. Mbele wameweka skrini, na kwenye skrini kuna kivuli cha mtu mwenye kucha ndefu kikipanda ngazi. Akaniuliza, "Pasta, hii ni sawa kweli?"

Nikatafuta habari. Kanisa kuu la Kianglikana la St. John the Divine, New York, kwa miaka mingi limeonyesha filamu za kutisha za zamani, zile zisizo na sauti, wakati wa Halloween. Watu hukata tiketi, na mpiga ogani hupiga palepale filamu ikiendelea. Filamu zenyewe ni kama Nosferatu, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1922, na The Phantom of the Opera ya 1925.

Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: hapana. Nyumba ya Bwana si mahali pa kuchezea mapepo. Lakini kijana hakuniachilia. "Na zile kumbi za sinema za Nairobi zilizogeuzwa makanisa?" Nikanyamaza. Mimi mwenyewe niliokokea katika ukumbi wa namna hiyo. Kuta zile zilikuwa zimeona kila aina ya mauaji ya filamu, na Mungu hakukataa kuingia. Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu hakai katika nyumba zilizojengwa na mikono. Kwa hivyo shida si kuta. Tuulize mioyo ya waliokaa ndani inafanywa nini.

Kijana akazima sauti ya simu. Tukatazama tena, na tukacheka. Kumbe ni kivuli tu ukutani! Akarudisha sauti ya ogani, mwili ukanisisimka. Ndivyo filamu zile zilivyofanya kazi. Maneno yalikuwa machache, yameandikwa katikati ya picha, na mpiga piano au ogani ndiye aliyewaambia watu sasa ogopeni, sasa pumueni.

Hapo swali likanigeukia mimi.

Kuna Jumapili nilihubiri juu ya jehanamu. Wakati wa mwito nilimpa kijana ishara apige polepole, halafu apandishe. Watu wakaanza kuja mbele, wengine wakilia. Mara stima ikapotea. Kinanda kikazima, mikrofoni ikazima. Na nikaona kwa macho yangu watu watatu waliokuwa njiani wakigeuka na kurudi kwenye viti vyao. Siku hiyo nililaumu stima. Leo najiuliza, kama ni Neno lililowainua, mbona lilihitaji umeme?

Nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba duka huchagua muziki ili mteja akae zaidi na anunue zaidi. Tulifundishwa pia juu ya majuto ya mnunuzi, yule anayefika nyumbani, anafungua mfuko na kujiuliza alinunua kwa nini. Je, tuna watu wanaookoka Jumapili na kujuta Jumatatu? Na wakijuta, wanamlaumu Mungu, kumbe waliyemsikia ni sisi.

Sisemi muziki ni dhambi. Daudi alipiga kinubi na Sauli akapata nafuu. Elisha aliitisha mpiga kinubi kabla ya kutabiri. Lakini muziki unaweza kulibeba neno la kweli, na unaweza pia kuficha kwamba hakuna neno. Kipimo ni kile cha kijana wetu: zima sauti, uone kinachobaki.

Mimi bado nisingeruhusu filamu hizo madhabahuni petu. Tuna ndugu waliotoka kwa waganga, na kwao kivuli kile si mchezo. Paulo anatuonya tusimkwaze aliye dhaifu. Hata hivyo lazima niwe mkweli. Mtu wa New York analipa akijua anatishwa, halafu anaenda nyumbani akicheka. Hakuna aliyemdanganya. Anayekuja madhabahuni petu anaamini ni Mungu anayemwita. Kama ni kinanda tu, basi sisi tumemkosea zaidi.

Siku ile ya stima, mama mmoja hakurudi kitini. Alibaki amesimama mbele, kanisa likiwa kimya. Nikamkaribia. Bila machozi, kwa sauti ya kawaida, akaniambia amechoka kumchukia dada yake. Tukaomba. Nilirudi nyumbani nikihesabu wale watatu waliogeuka, na sikumhesabu yeye. Bwana anisamehe.

Elia aliona upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo. Alikuja kwa sauti ndogo, tulivu. Tumekubaliana na mchungaji wetu kwamba kuanzia Jumapili hii, wakati wa mwito, kinanda kitanyamaza kabisa. Wakija wachache, tutawapokea hao wachache.

Swali la vikundi vya nyumbani: Siku uliyookoka, ulisikia nini? Ukiondoa muziki, kilibaki nini?