Haki ya Kumnyima Mtu Jibu

Anayejua jibu akakaa kimya mbele ya anayelihitaji tunamwita mchoyo. Mwalimu ndiye tunayemsamehe. Tunasema anamwacha mtoto afikiri. Siku hizi msamaha huo tumeuhamishia kwenye programu za kompyuta za kufanyia mazoezi ya mitihani, na mimi, ninayezisoma kwa ajili ya shahada ya uzamili, najiuliza kama zinaustahili.

Unapewa swali, unajibu hatua kwa hatua, ukikwama unabonyeza kidokezo. Cha kwanza kinakukumbusha kanuni, cha pili kinakuonyesha pa kuitumia, cha mwisho kinakupa jibu lenyewe. Watafiti waliona zamani kwamba wapo wanafunzi wanaobonyeza mbiombio mpaka kile cha mwisho bila kusoma vilivyotangulia, na baadhi ya watengenezaji wakaamua kuvichelewesha vidokezo kwa makusudi. Uchoyo wa kupigiwa hesabu, huo.

Sisemi hazifai. Mwaka 1984 Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani akifundishwa peke yake huwapita takribani asilimia 98 ya wanaofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Kurt VanLehn, alipopitia tafiti nyingi mwaka 2011, alikuta faida ya mwalimu wa mtu mmoja ni ndogo kuliko hiyo, na kwamba programu inayofuatilia kila hatua inamkaribia sana mwalimu huyo. Kwa mtoto ambaye kwao hakuna hela ya twisheni, hilo ni jambo kubwa. Tena programu haimcheki mtu akikosea mara ya tisa.

Mtoto wa mama yangu mdogo anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Jioni moja alipata swali la simu ya shilingi 800,000 ambayo, kwa Kiingereza cha swali, "depreciates" kwa asilimia 10 kila mwaka. Itakuwa na thamani gani baada ya miaka 2? Akabonyeza vidokezo vyote haraka haraka. Ukimsoma kwenye takwimu, ni mvivu. Kisha akanigeukia: "Dada, 'depreciate' ndiyo nini?" Nikamwambia ni kushuka thamani. "Aa, kumbe!" Akaandika 720,000, halafu 648,000, bila kunitazama tena. Programu ilikuwa imeshaamua hajui asilimia, ikampangia maswali mengine matano ya asilimia, somo ambalo alilimaliza shule ya msingi, kwa Kiswahili.

Kumnyima mtu jibu ni kumheshimu pale tu unapojua amepungukiwa nini. Usipojua, unamwacha na njaa huku ukijisifu kwamba unamfundisha kupika. Mtu atasema mwalimu mwenye darasa la watoto themanini naye hajui. Kweli, mara nyingi hajui. Lakini mwalimu anaweza kuulizwa kesho yake, "Mbona hukuniambia?" na akaona haya. Programu hiyo haiulizwi na mtu.

Mwenzangu mmoja darasani ana pingamizi zito zaidi. Anasema mtihani wenyewe uko kwa Kiingereza na Novemba hakuna dada wa kugeukiwa. Mtoto akizoeshwa kusaidiwa maneno, atakwama kwenye chumba cha mtihani. Sikuwa na jibu la haraka. Bado naona kwamba anachanganya kuzoea ugumu wa mtihani na kuzoea dhuluma yake. Kazi ya mazoezi ni kumwonyesha mtoto kilichomkwamisha, mapema, wakati bado anaweza kukishughulikia. Akijua ni neno, atajifunza neno. Akiambiwa ni asilimia, atarudia asilimia hadi Novemba, na polepole ataamini kwamba hana kichwa cha hesabu.

Ningependa kabla ya kidokezo cha kwanza programu iulize: umekwama kwenye neno au kwenye hesabu? Swali la kitoto, lakini katika programu nilizozifungua mpaka sasa sijalikuta. Wengine watadanganya, bila shaka, kama wanavyotudanganya sisi.