Kuililia Zamani

Msomaji, bila shaka umepata kumsikia mtu mzima akisema ya kwamba mambo mazuri yote yamekwisha pita. Huko Uingereza wako watu wengi wanaozililia ndege za abiria zilizoundwa nchini mwao baada ya Vita Vikuu vya Pili: Viscount, Comet, Britannia, VC10. Huzitunza katika majumba ya makumbusho na kuzipaka rangi zao za kale. Wengine huzijua herufi za kila ndege kama mfugaji ajuavyo majina ya ng'ombe wake. Tusiwacheke. Lakini tuulize: je, mtu aipendaye zamani ana wajibu wa kuikumbuka yote, au anaruhusiwa kuchagua?

Fahari yao si ya bure. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya abiria waliolipa nauli kusafiri kwa ndege ya jeti. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Haikuwa na rafadha za kuitikisa, nayo ilipaa juu ya mawingu na dhoruba. Wakati huo hapana taifa jingine lililokuwa na ndege kama hiyo katika kazi ya abiria.

Ndege ile ile iliyofungua njia hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, wakafa watu 35. Comet zikasimamishwa. Mafundi wakachunguza kila walichokishuku, wakatengeneza hiki na kile, ila sababu yenyewe hawakuipata. Hata hivyo tarehe 23 Machi ndege zikarudishwa angani. Siku kumi na sita baadaye Comet nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, wakafa watu 21.

Hapa nakuomba utue kidogo. Wale waliotoa ruhusa hawakuwa wauaji. Walikuwa watu wenye elimu na, naamini, wenye huruma. Lakini kila siku ambayo ndege zilikaa chini ilikuwa hasara, na sifa ya taifa ilikuwa ikingoja. Walitafuta kosa wasilione, nao wakajiruhusu kuamini ya kwamba halipo. Mwanafunzi aliyepata kufunga daftari lake la hesabu upesi ili akacheze anaijua njia hiyo, ijapokuwa yeye hupoteza alama tu.

Kisha ikaja kazi ambayo mimi huistahi kupita fahari yote ya 1952. Huko Farnborough wataalamu waliliingiza umbo la Comet nzima katika tangi kubwa la maji, wakawa wakilijaza maji kwa nguvu na kulipunguza, tena na tena, kama kwamba ndege inapaa na kutua. Mwezi wa Juni 1954, baada ya kiasi cha safari 3,000, nyingine za angani na nyingine za tangini, bati likapasuka penye pembe ya tundu lililokatwa ubavuni. Chuma kilikuwa kimechoka. Maarifa hayo hayakufichwa; waunda ndege wa nchi nyingine, hata Wamarekani waliokuwa wakishindana na Waingereza, waliyatumia. Comet mpya ilipovuka Atlantiki na abiria mwezi wa Oktoba 1958, Boeing 707 ya Marekani ilifuata mwezi huo huo, na baadaye ikaipita kabisa sokoni.

Nasi tulikuwa na sehemu yetu katika habari hizi. VC10 iliundwa kwa ajili ya viwanja vya joto na vya miinuko, kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na ndege huinuka kwa taabu. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, lililokuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania hadi lilipovunjika 1977, lilizirusha tangu 1966. Injini zake nne zilikuwa mkiani; kwa hiyo abiria ndani walisafiri kwa utulivu mwingi, na walio chini wakaziba masikio.

Babu yangu alikuwa miongoni mwa walioziba masikio. Alipakia mizigo katika uwanja wa Embakasi, na hakupata hata siku moja kusafiri kwa ndege hiyo. Walakini hakuna aisifuye kuliko yeye. Juzi nilimsomea habari za Comet kama nilivyokuandikia wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao wa Elba, mwalimu, walipatikana?"

Nikamwambia ya kwamba zaidi ya nusu bahari haikuwarudisha. Akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniomba nimwonyeshe tena ile picha ya VC10.